Tupeane uzoefu: Kuzuru hekalu la Izumo Taisha, Japani

Mleta mada: Wakuu, mnaolifahamu Izumo Taisha, mkoani Shimane, tuelekezane. Naanza na kosa linaloonekana kila siku: wageni wanapiga makofi mawili kama kwenye mahekalu mengi ya Shinto, dini ya jadi ya Japani. Hapa unatia sarafu sandukuni, unainama mara mbili, unapiga makofi manne, kisha unainama mara moja.

Mkazi wa Matsue: Naongezea. Ukivuka lango la pili njia inateremka, na mkono wa kulia kuna kihekalu cha Harae no Yashiro. Jitakase hapo kwanza. Kwenye misonobari pita kandokando. Njia ya katikati imefungwa ili mizizi isikanyagwe. Penye maji, jaza kata mara moja tu: nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kinga maji kiganjani usukutue, nawa tena wa kushoto, halafu simamisha kata ili maji yaliyobaki yasafishe mpini. Usiweke kata mdomoni!

Bint Pwani: Wengi wanaishia mbele ya jengo kuu (la mwaka 1744, kimo mita 24). Okuninushi, anayeabudiwa humo, ameelekea magharibi. Zungukeni hadi ubavu wa magharibi, mtaona pa kusalia mkiwa mmemwelekea.

Mkazi wa Matsue: Umenena dada. Na desturi ya kubadilisha mchanga hekaluni je? Anzieni ufukwe wa Inasa, kama kilomita moja magharibi. Chota kidogo, tia kwenye mfuko usiovuja maana huwa umelowa. Upeleke kihekalu cha Soga no Yashiro, nyuma ya jengo kuu, uumwage kwenye kisanduku kilicho chini ya ukingo wa sakafu, kisha uchukue mkavu uliokwisha kuwekwa. Wenyeji huunyunyiza kuzunguka nyumba. Ukienda hekaluni kwanza huna cha kubadilisha, na kuchukua bila kuweka ni utovu wa adabu.

Mzee wa Ramani: Ile kamba kubwa inayoning'inia kwenye Kaguraden, ukumbi wa ngoma takatifu, ni mashina ya mpunga, zaidi ya mita 13 na tani 5. Msiirushie sarafu ili zinase, zinaiharibu.

Bint Pwani: Mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani, miungu ya Japani yote hukusanyika Izumo. Hupokewa Inasa kwa mioto, jioni ya tarehe 10, na yale majengo mawili marefu hekaluni, kila moja na milango 19, ndiyo malazi yao. Tarehe huangukia Novemba au Desemba, hubadilika kila mwaka, hivyo ulizieni kabla ya kukata tiketi. Siku hizo wenyeji hujizuia nyimbo na ngoma. Nanyi punguzeni sauti.