Mtaalamu wa mahindi asiyeuza dawa wala mbolea, kweli nimlipe?

Mlima22_Mbozi
Wakuu habari za majukumu. Nalima mahindi huku Mbozi eka 22, mwaka wa saba huu. Kuna kijana kamaliza chuo cha kilimo SUA anakaa Vwawa, hauzi mbegu, hauzi mbolea, hauzi dawa, kazi yake ni kupita shambani kwako anakagua anakuandikia cha kufanya basi. Mahindi yangu sasa hivi yana majani sita, anasema tukianza sasa hadi kuvuna nimpe 12,000 kwa eka, hiyo ni 264,000 na mkononi sijashika kitu zaidi ya karatasi.

Shida yangu ni hii, misimu minne natoa gunia 12 au 13 kwa eka, hazipandi. Nimetoka mfuko mmoja wa DAP, ile mbolea ya kupandia, hadi miwili, hakuna kilichobadilika, na mahindi yakiwa madogo majani ya chini yanakuwa ya zambarau. Dukani ninaponunua ushauri wananipa bure, mwaka jana waliniambia nipulizie viwavijeshi kila wiki nikapuliza mara 6. Afisa ugani wetu ni mtu mzuri ila kata nzima ni yake peke yake. Nimlipe huyu kijana au hiyo hela ninunue urea?

MamaNafaka_Iringa
Kaka pole, hapo ulipo nimeshapita. Eka 15 Kilolo, gunia 11 kila mwaka nikawa nalaumu mbegu. Niliyempata mimi naye hakuwa na duka, siku ya kwanza wala hakuangalia mahindi, aliomba jembe na ndoo. Tukazunguka shamba kwa kukata kona kona tukachimba sehemu 15, kina sentimita 20, tukakwepa vichuguu, chini ya miti na pale tunapomwagaga samadi, tukachanganya kwenye ndoo safi ya plastiki tukachukua kama kilo moja ikapelekwa maabara. Majibu pH, yaani kipimo cha tindikali, 4.8. Akanieleza udongo ukishakuwa na tindikali hivyo, chini ya 5.5, aluminiamu na chuma vinaikamata fosforasi, yaani DAP unaweka ila mmea hauipati, halafu ile naitrojeni iliyomo kwenye DAP yenyewe inazidi kuongeza tindikali mwaka hadi mwaka. Nililia kaka, maana nilikuwa nakopa kuongeza mifuko kumbe naharibu shamba langu mwenyewe.

Msimu uliofuata tukaweka chokaa ya kilimo mwezi na nusu kabla ya kupanda, tukaichanganya na udongo, nikarudi kwenye mfuko mmoja. Mwaka wa kwanza gunia 15, wa pili 19. Miaka yote hiyo dukani hakuna aliyewahi kuniambia punguza DAP, na mwenye duka namwelewa, mtu anakula kwa kuuza.

Hiyo zambarau yako inaweza kuwa fosforasi ila baridi ya huko nayo inaleta rangi hiyohiyo kwa mahindi machanga, kwahiyo usikisie, pima. Kituo cha utafiti wa kilimo TARI Uyole si mbali na wewe.

Juma_wa_Rukwa
Mkuu mimi napingana kidogo. Kutokuwa na duka hakumfanyi mtu awe anajua. Kuna mmoja alikuja huku kwetu na tableti na buti safi, akawaandikia watu wote mpango mmoja, shamba la bondeni na la mlimani sawasawa. Kabla hujatoa hela mwambie muingie wote shambani, muulize hili jani lina nini na umejuaje. Akijibu haraka bila kuchimba hata mzizi mmoja achana naye. Na akuandikie jina la kiambato cha dawa sio jina la chupa tu, maana dukani utakuta chupa tatu majina tofauti ndani ni dawa moja, unadhani umebadilisha dawa kumbe kiwavi unamzoesha. Pia hakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya viuatilifu.

Ila hizo mara 6 za viwavijeshi zimeniuma. Ulihesabu kwanza au ulipuliza tu kwa kuwa wiki imefika?

MsaidiziNgano
Nipo Lincolnshire, Uingereza, nafanya kazi shamba la ngano. Huku washauri wa kampuni zinazouza dawa wapo, malipo yao unakuta yameshaingia kwenye bei ya dawa, na wa kujitegemea wapo, wanalipwa kwa hekta na wana chama chao AICC. Wote wanatakiwa wawe na cheti cha BASIS, cha kushauri kuhusu dawa za mashambani, huo utaratibu ulianza 1978. Bosi wangu anamlipa wa kujitegemea. Jamaa anatembea kwa miguu shamba zima, anapiga magoti anafungua shina kwa kisu, na nimemwona mara nyingi akiandika usipulize, narudi baada ya siku tano. Hiyo karatasi ya usipulize bosi anailipia kwa roho safi kabisa.

Mlima22_Mbozi
Asanteni sana, dada wa Iringa umenifungua macho. @Juma sikuhesabu, nakiri. Leo asubuhi nimemwita kijana tumeingia wote. Kanifundisha tunasimama sehemu tano, kila sehemu mahindi 20 mfululizo, unaangalia kwenye moyo wa mhindi kama kuna matundu mapya na ule uchafu kama unga wa mbao. Kati ya 100 tumekuta 13. Anasema kwa mahindi ya umri huu hatupulizi hadi ifike kama 20, na kwamba mhindi mdogo ukiliwa majani unajirudisha. Ila turudi kuhesabu Alhamisi, na ikibidi tupulize jioni wakati viwavi bado wadogo, wakishakua wanajificha ndani dawa haiwafikii. Udongo tumechukua, kesho unaenda Uyole. Nimempa nusu.

Swali jingine, mahindi yameshaota, chokaa naweza kuweka sasa hivi juu au nisubiri?

MamaNafaka_Iringa
Subiri kaka. Chokaa haitembei, inataka ichanganywe na udongo, weka baada ya kuvuna unapoandaa shamba, na kiasi upangiwe na majibu ya Uyole. Sasa hivi kazana na palizi na hiyo urea, iweke wakati udongo una unyevu na uifukie, ukiiacha juu inapotea hewani. Alhamisi uje utuambie mmekuta ngapi.