Mrejesho: virusi vimeisha, Windows 11 imeingia upya

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini virusi vinarudi kwenye laptop kila nikipiga Windows upya. Aliyesema nifute patisheni zote (sehemu ambazo diski imegawanywa, kama C na D), si C peke yake, ndiye aliyenitoa: vilikuwa vimejificha D. Flashi ya GB 8 ya kuwekea Windows niliitengeneza kwenye kompyuta isiyo na virusi. Wakati wa kuweka Windows, diski ya laptop haikuonekana kabisa mpaka nilipopakia draiva ya Intel RST (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuiona diski) kutoka flashi hiyo hiyo. Iwekeni draiva hiyo kwenye flashi mapema, mimi ilinila jioni nzima. Mafaili yaliyofichwa kwenye flashi ya zamani yamerudi kwa kuandika amri hii kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows): attrib -h -r -s /s /d G:\*.* (G ni flashi). Picha za D zimepotea, nilifuta kabla ya kunakili. Wi-Fi bado haina draiva, natumia intaneti ya simu kwa waya wa USB.