Naomba ushauri: nitoe damu ipimwe kingamwili za mafua ya ndege?

Ndugu wataalamu na wenzangu katika kazi, habari zenu.

Mimi ni mhudumu wa mifugo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishika kuku wagonjwa na kukamua ng'ombe. Sasa tumeombwa kutoa damu ili ichunguzwe kama ina kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea) dhidi ya H5N1, yaani virusi vya mafua ya ndege, ingawa hakuna kati yetu aliyelalamika zaidi ya macho kuwasha, jambo ambalo sisi tumezoea kulisingizia vumbi la bandani.

Ninaelewa kwamba kipimo hiki hakionyeshi ugonjwa wa leo bali alama za maambukizi yaliyopita, wala si cha kupuuzwa: nchini Marekani mwaka 2024, damu ya madaktari 150 wa ng'ombe ilipopimwa, watatu walikutwa na kingamwili hizo, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyeripoti kuumwa mafua wala macho.

Nilichanjwa mafua ya msimu mwezi uliopita. Je, chanjo hiyo yaweza kuvuruga majibu? Linaloninyima usingizi zaidi, hata hivyo, ni fomu ya ridhaa, ambayo haisemi waziwazi kama mwajiri ataonyeshwa majibu yakiwa na majina yetu. Mwenzangu mmoja, anayelipwa kwa siku, amerudisha kalamu bila kusaini, na siwezi kumlaumu.

Mliowahi kupimwa, mliuliza nini kabla ya kusaini, na je, mlitolewa damu mara ya pili baada ya wiki chache?