“Vipimo vyako viko sawa mama, nenda nyumbani”: wagonjwa wa tezi tumechoka kujibiwa hivi!

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite.

Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, thairoidi. Kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi yangu yenyewe. Madaktari wanauita Hashimoto, kwa jina la daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Kila alfajiri nakunywa levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni ya tezi, siruki. Dawa ilishaishusha TSH, homoni inayopimwa kwenye damu na ambayo hupanda tezi ikiwa dhaifu, ikaingia ndani ya mipaka ya maabara, na tangu hapo hakuna mtu hospitalini anayetaka kunisikiliza.

Hali yangu ni hii. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Joto la Dar la Januari watu wanalala sakafuni na feni inawapuliza, mimi nimevaa soksi na blanketi juu. Nywele zinabaki kwenye kitana, nyusi zimeisha kwa pembeni, ngozi ya visigino imepasuka, choo ni shida, uzito unapanda na sahani yangu ndiyo ndogo kuliko zote mezani. Hayo yote ningeyavumilia. Kinachonitoa machozi ni kichwa. Nafundisha hesabu sekondari. Nasimama ubaoni katikati ya swali nililolifundisha miaka yote, hatua inayofuata inapotea kabisa, na darasa zima limekaa kimya linanisubiri. Mtu ambaye hajawahi kupotewa na akili yake mwenyewe mbele za watoto wa watu asiniambie nipunguze mawazo.

Maana ndicho ninachoambiwa. Daktari macho yake kwenye karatasi: “TSH 3.4, iko vizuri. Punguza mawazo, fanya mazoezi.” Mwingine kasema ni umri. Mwingine kaniuliza kama ndoa yangu ina matatizo. Shingo hawagusi, mapigo ya moyo hawahesabu, wanaita anayefuata.

Sasa tuongee kuhusu hiyo TSH inayotumika kutufukuzia. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru thairoidi izalishe homoni. Maabara nyingi huweka mipaka kama 0.4 hadi 4.0, mipaka iliyopatikana kwa kupima kundi kubwa la watu wazima wa afya. Kila mtu ana kiwango chake ambacho mwili wake umekizoea, na hicho ni chembamba kuliko mipaka ya karatasi. Halafu TSH huwa juu usiku na alfajiri, mchana inashuka. Mimi nimeshatolewa damu saa mbili asubuhi, nimeshatolewa saa nane mchana baada ya foleni, na majibu yote wanayalinganisha kama yametoka saa moja.

Kuna na hili la nywele. Zikipukutika, dada zangu wanakimbilia vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini, aina ya vitamini B, na bayotini inavuruga baadhi ya mashine za kupimia, TSH inaweza kuonekana chini kuliko ilivyo. Ni nani aliwahi kuulizwa na maabara kama anavitumia?

Kidonge tunachokunywa ni homoni ya tezi iitwayo T4. Ili kifanye kazi, mwili lazima uibadilishe T4 kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi, kazi inayofanyika kwenye ini, figo, ubongo na kwingineko. Tezi yenye afya hutoa na T3 kidogo yake moja kwa moja. Tezi yetu imeharibika, kidonge hakina T3, kwa hiyo tunategemea ubadilishaji huo peke yake. Wengi unawatosha, wanapona, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Ila kuna kama asilimia 5 hadi 10 ya wanaotibiwa ambao TSH imekaa sawa na dalili ziko palepale. Wataalamu wa thairoidi wa Ulaya walitoa mwongozo mwaka 2012 kuhusu wagonjwa wa namna hii, wakasema mtaalamu anaweza kumjaribisha mgonjwa T4 pamoja na T3 kwa uangalizi. Wamarekani mwaka 2014 wakasema ushahidi bado hautoshi kulifanya jambo la kawaida. Sawa, wabishane. Wanabishania tiba yetu, hakuna kati yao anayesema tunajifanyisha. Iweje mimi huku niambiwe nina mawazo?

Na sidai kuongezewa dozi ovyo. Najua dozi ikizidi moyo unakwenda mbio, mapigo yanavurugika, mifupa inapungua nguvu. Ninachodai ni kuulizwa maswali.

Dawa unakunywaje? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Inatakiwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Unaitunza wapi? Boksi limeandikwa chini ya nyuzi 25, na wote tunajua maduka ya dawa ya mitaani yenye paa la bati yanavyochemka saa saba mchana. Dukani walikupa ya kampuni ileile? Leo hii, mwezi ujao nyingine, na hakuna anayesema kwamba ukibadilisha urudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8. Unakoroma? Unakata pumzi usingizini? Vitamini B12 je? Wenye Hashimoto wengine tumbo lao nalo hushambuliwa na kinga, B12 ikashindwa kufyonzwa.

Linaloniuma kuliko yote ni la madini ya chuma. Kwa muda mrefu nililalamika kwamba hedhi yangu ni nzito mno. Wakapima wingi wa damu, wakasema ipo ya kutosha, nenda. Nikaja kujilipia mwenyewe kipimo cha ferritini, ambacho bima yangu haikukubali, na akiba ya chuma ilikuwa karibu imeisha. Hedhi nzito ni dalili ya tezi hii hii kuwa dhaifu! Ugonjwa wanaoutibu ndio uliokuwa unanimaliza chuma, na hakuna aliyeunganisha. Nikaandikiwa vidonge vya chuma. Dirishani nikaambiwa: “Kunywa asubuhi pamoja na hiyo nyingine.” Pamoja! Chuma huizuia levothairoksini isifyonzwe, vinatakiwa vipishane saa nne, na kalsiamu vivyo hivyo. Nimeyakuta kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, maandishi madogo ya kuumiza macho. Mama yangu kule kijijini, asiyesoma Kiingereza, angeyajuaje?

Baada ya miezi ya chuma, nywele zimepungua kutoka na ngazi za shule napanda bila kuhema. Baridi na kichwa bado. Basi sehemu ya “mawazo” yangu ilikuwa upungufu wa chuma, ilitibika kwa vidonge vya bei ndogo, na walinirudisha nyumbani nayo. Hilo siwezi kulisamehe.

Mkishatufungia mlango mnajua tunaenda wapi? Kwa wauza maji ya ajabu wanaoandika “goita kwisha bila upasuaji, achana na vidonge vya hospitali”. Dada mmoja tuliyekuwa tunakaa naye benchi la kliniki aliacha dawa kwa ushauri huo. Alirudishwa uso umevimba, mwili wa baridi, anaitwa haitiki. Hali hiyo huua. Wengine wanatuuzia iodini ya matone na unga wa mwani, na iodini ikizidi inaweza kuidhoofisha zaidi tezi yenye Hashimoto. Wanapata wateja kwa sababu wanakaa chini wanamsikiliza mtu saa nzima, jambo ambalo daktari aliyesomeshwa kwa kodi zetu hafanyi hata dakika tano.

Madaktari mliomo humu: TSH ikiwa sawa na mgonjwa anasema anaumwa, pimeni T4 huru (ile isiyoshikwa na protini kwenye damu), ferritini, B12, muulizeni usingizi wake na namna anavyokunywa dawa. Kama ni sonona semeni ni sonona na muitibu, msiitumie kutuondoa chumbani. Na mtupe karatasi za majibu yetu. Ni damu yetu, tunaombaje kuona namba kama tunaomba fadhila?

Wakuu, anayemjua daktari wa homoni anayesikiliza, Dar, Moshi au Mwanza, aniambie, nauli nitatafuta. Aliyewahi kuandikiwa T3 hapa nchini aseme aliipata wapi na kwa bei gani. Wauza mitishamba msije inboksi, nitawablock.