Mjadala: Picha ya juu ya tovuti, moja kwa skrini zote au kila skrini na yake?

Wakuu habari za muda huu. Naomba tubishane kidogo kuhusu hii picha kubwa ya juu kwenye tovuti, maana bado tunatengeneza kama vile watu wote wanafungua kwa kompyuta. Msimamo wangu: picha moja kwa skrini zote ni uvivu, na mimi mwenyewe nimekuwa mvivu hivyohivyo miaka kibao.

Kilichoniamsha ni kazi moja. Mteja kanipa picha ya wafanyakazi wake 15 wamesimama mstari mmoja, nikaiweka pikseli 1920 kwa 600, kwa amri ya background-size: cover, kwenye leptopu yangu safi kabisa. Jioni bosi wao anafungua kwa simu anakuta watu watatu. Yeye alikuwa wa mwisho kulia, hata kiwiko hakionekani, na ndiye anayelipa 😅. Hesabu yenyewe nyepesi tu, cover inajaza nafasi halafu kinachozidi inakata, sasa simu yenye upana wa pikseli 390 ukiiachia urefu uleule wa 600 inaonyesha 390 kati ya 1920, yaani kama asilimia 20 ya picha.

Nikasema basi isikatwe, upana asilimia 100 urefu ujipange wenyewe. Wote 15 wakarudi ila picha ikabaki na urefu wa pikseli 122, kama utepe. Jina la kampuni nililolichoma ndani ya picha kwa saizi ya 48 likashuka chini ya 10, nani atasoma hiyo?

Kwa hiyo siku hizi natengeneza mbili, pana na ya wima, naziweka kwenye tagi ya HTML inayoitwa picture, brauza ichague yenyewe kulingana na skrini, na maandishi nayatoa kwenye picha nayaandika kwa HTML juu yake. Karibuni mnipinge.

Jibu 1
Mkuu unajiongezea kazi. background-position ipo, unaiambia sehemu gani isikatwe, basi. Tatizo lako sio cover, ni hiyo picha, watu 15 mstari mmoja hakuna code itakayowaingiza kwenye simu. Na mteja anayebadilisha picha kila mwezi utamkatia mbilimbili mpaka lini? Yeye anataka apakie moja imalizike.

Jibu 2
Nyie mnalia na kukatwa, mimi nalia na uzito. Mtu yuko kwenye simu anashushiwa picha ya 3840 kwa 1200 eti iwe kali kwenye skrini kubwa, hiyo ina pikseli mara nne ya ile ya 1920 na bando ni lake sio lenu. srcset, ile orodha ya saizi za picha ili brauza ichague inayofaa, iliwekwa kwa ajili hiyo. Google wenyewe wanataka kile kitu kikubwa cha kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Halafu kuna wanaoweka loading="lazy", yaani picha isishushwe mpaka msomaji aikaribie, kwenye picha ya juu, jamani, hiyo ndiyo ya kwanza kuonekana mnaichelewesha ya nini? Mimi nyingi nazitoa kabisa naweka rangi, na hakuna aliyewahi kuniuliza picha iko wapi.

Mwanzisha mada
Jibu 2 kwenye uzito nakubali, ila usishuke mpaka 390 pia, simu yenye uwiano wa 3, yaani pikseli halisi tatu kwa kila moja ya hizo 390 za upana, inahitaji 1170 la sivyo inakuwa na ukungu. Kutoa kabisa sikubali, kuna mteja picha ndiyo anayouza.

Jibu 1, kwa sura moja background-position inatosha, kwa kundi haisaidii, unachagua tu nani akatwe. Ila la picha umenipata, nilimwomba bosi wapige upya, safari hii safu tatu yeye katikati, na ya wima nikaipata humohumo bila kumkata mtu. Sasa kazi inayofuata ni picha ya daraja. Daraja nalipangaje safu tatu?