Tupeane uzoefu: ulipoirudia Terminator 2 nyumbani ukiwa mtu mzima, ni nini kilibadilika?

Papa Kampemba (Lubumbashi)

Bandugu, jambo kwenu wote. Nimeirudia Terminator 2, ile filamu ya mashine yenye umbo la mtu inayokuja kumlinda mtoto John na mama yake Sarah dhidi ya mashine nyingine yenye sura ya polisi na mwili kama zebaki, pamoja na watoto wangu, kwenye diski, lile toleo refu lenye sauti ya Kifaransa, na tangu hapo kichwa changu hakijatulia. Ninaomba kila aliyeiona zamani kwenye kaseti, kisha akairudia mtoto wake akiwa pembeni, atuambie kilichobadilika. Si lazima uwe mjuzi wa sinema.

Naanza mimi. Kaseti yetu aliileta mjomba kutoka Kitwe, enzi za kufanya biashara kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Wakubwa mnaijua shida ya kaseti za Zambia: kule mfumo wa rangi ni PAL, televisheni zetu zilikuwa za mfumo mwingine, SECAM, basi picha inatoka bila rangi. Filamu nzima niliijua kwa nyeusi na nyeupe, tena kwa Kiingereza ambacho nyumbani hakuna aliyekisikia. Hadithi tuliitunga wenyewe kwa kuangalia nyuso.

Kwa hiyo, kwangu mimi, moto wa mwisho ulikuwa wa kijivu. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kama maji ya chokaa. Safari hii ndipo nimeona alichofanya mwongozaji James Cameron: karibu kila kitu amekitia bluu, barabara za usiku, hospitali, mpaka uso wa yule polisi wa zebaki. Halafu watu wanaingia kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma na ghafla dunia nzima inakuwa rangi ya chungwa. Baridi ya lile lori la naitrojeni bado iko mwilini mwako, na tayari jasho linakutoka. Nilisimamisha picha, nikawaeleza watoto, wakanishangaa.

Na Sarah, jamani! Utotoni nilimwona mwanamke mkali tu mwenye mikono ya bondia. Sasa nautazama ule usiku anaokwenda kumuua Dyson, mhandisi wa kompyuta, nyumbani kwake, na mtoto anakuja kujilaza juu ya baba yake. Linda Hamilton, anayemwigiza Sarah, anaporudi nyuma na kuteleza ukutani mpaka sakafuni, nililia waziwazi mbele ya wanangu.

Karibuni.

Mtoto wa Fonderi (Lubumbashi)

Papa Kampemba, umegusa mahali penyewe. Baba alifanya kazi fonderi, kiwanda cha kuyeyushia shaba, chini ya ile shemine, bomba refu la moshi, tunayoiona tangu utoto. Mashine inayozungumza haikumvutia, alikuwa anapita tu na gazeti lake. Lakini tulipofika kiwandani alivuta kiti. Akaanza kutufundisha: pale waliposimama hawa, uso ungekuwa umeungua; shaba inayeyuka kwenye digrii 1085, chuma kinakaribia 1500; bila kioo cha kukinga huwezi hata kufungua macho. Mimi nilinuna, nilitaka kusikia filamu.

Baadaye nilisoma kwamba kiwanda kile kilikuwa Fontana, California, nacho kilikuwa kimeshafungwa walipokwenda kupiga picha. Mng'ao wote ule ni taa na ufundi. Baba alikuwa ameona sawasawa kwamba hakuna mtu pale anayesikia joto.

Sasa Baba hayupo, na kila nikiirudia ni maelezo yake ninayosikia kuliko muziki. Moto wa namna ile ndio uliotulipia shule. Kwa watoto wengine mwisho wa filamu hii ni mahali pa kutisha, kwangu ni kazini kwa Baba.

Mama Birere (Goma)

Mimi niliiona kwanza kwenye sinema ya video, jenereta ikinguruma nje, msimulizi akizungumza Kiswahili juu ya sauti. Tulikaa chini kwenye mbao. Tuliipenda sana.

Halafu ikaja 17 Januari 2002. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji, ukapita mitaa yetu, ukaingia ziwani. Miaka mingi sikuigusa filamu ile. Mume wangu alipoileta nyumbani niliiangalia vizuri tu, mpaka mnyororo ulipoanza kumshusha Schwarzenegger, yule mwigizaji wa mashine nzuri, kwenye chuma kilichoyeyuka. Nikamwomba azime. Niseme ukweli wa macho yangu: lava ya kweli haifanani na vile. Lava juu inaganda nyeusi, nyekundu unaiona kwenye nyufa, na kabla hujaiona unasikia nyumba zikipasuka. Lakini mwili haujali tofauti hiyo.

Nilimaliza kuiangalia baada ya Mei 2021, tulipokimbia tena na kurudi. Nilijilazimisha, na ninafurahi. Yule mashine anachagua mwenyewe kushuka, ili watoto wa watu wasalie. Jambo hilo kwenye mbao sikulielewa.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Mimi ni mtu wa sauti, ninafunga spika makanisani. Mlio wa yule polisi anapopenya kwenye nondo za hospitali, Gary Rydstrom, fundi wa sauti wa filamu, aliupata kwa chakula cha mbwa kikitoka polepole ndani ya mkebe. Kwenye spika nzuri utasikia unyevu wake. Na picha za kompyuta ni dakika kama 5 tu; majeraha mengi ya kung'aa ni mpira uliopakwa rangi ya fedha na watu wa Stan Winston, fundi wa sanamu na maumbo ya filamu. Walistahili Oscar zote 4.

Yaya Kamalondo (Lubumbashi)

Sisi tulihesabu siku kweli. Filamu inasema moto wa nyuklia utashuka 29 Agosti 1997. Mwaka ule, kufika Mei, Zaire ilikuwa imeshakuwa Congo, askari wapya wako mjini, na sisi watoto tuliamini kabisa kwamba Agosti itafuata.

Lakini nataka kubisha kuhusu toleo refu. Mle wanafungua kichwa cha mashine, watoe kizuizi cha kujifunza kilichowekwa na Skynet, ile kompyuta adui wa binadamu. Sarah anainua nyundo aivunje chipu, yaani ubongo wa mashine, John anamkataza. Ufundi ni mkubwa: tunaona kama wako mbele ya kioo, kumbe hakuna kioo pale, ng'ambo ni Schwarzenegger na Linda Hamilton wenyewe, upande wa huku ni sanamu pamoja na Leslie, pacha wake Linda. Ila katika zile dakika 137 za sinema, mashine inajifunza kwa kukaa tu na mtoto, hakuna aliyebonyeza kitu. Ninaona hiyo ina nguvu zaidi.

Papa Kampemba

Yaya, hapo sikubaliani. Bila ile nyundo sioni jinsi Sarah anavyoanza kumsikiliza mwanawe. Pale ndipo John anakuwa kiongozi, kwa mara ya kwanza mama anatii. Ila nimesikia hoja yako, nitawaonyesha watoto toleo fupi pia na nitaleta majibu yao.

Mama Birere, asante kwa kutuandikia hayo. Wa Likasi na Kolwezi mko wapi? Nanyi fonderi mnazijua.