Mtoto wa dada yangu anakimbia sana, nimpeleke wapi hapa Arusha?

MamaMdogo_Ngaramtoni

Wakuu habari za asubuhi, naomba ushauri wa watu wanaoijua riadha kwa ndani maana mimi naipenda tu ila siijui. Nakaa Ngaramtoni na mtoto wa dada yangu, yuko form two, ana miaka 15, kwao ni Mbulu. Wiki mbili zilizopita nilienda kwenye michezo ya shule yao, uwanja wa majani wamechora mistari kwa majivu, akakimbia mita 1500 peku, sketi ameifunga fundo pembeni. Kushinda alishinda, lakini kilichonishangaza wenzake aliwaacha karibu nusu uwanja, alafu alipomaliza hakujilaza chini kama wale wengine, alisimama kashika kiuno anamuuliza mwalimu "na ile ya 3000 inaanza saa ngapi?" Mwalimu alimpima kwa simu akasema dakika 5 na sekunde 6, sasa mimi sijui hiyo ni nzuri au ya kawaida.

Tangu Alphonce Simbu wetu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 huyu mtoto hatulii, zile mita mia za mwisho alivyompita yule Mjerumani ameziangalia mpaka bando langu limekata. Shida ni baba yake. Shemeji anasema mtoto wa kike akizoea kukimbia barabarani ataharibikiwa, bora ashike daftari. Na mimi najiuliza, Wakenya na Waethiopia kila mashindano wanarudi na medali, sisi milima tunayo, baridi tunayo, ugali ni ule ule, mbona kwetu anatokea mmoja baada ya miaka kumi? Kama hakuna njia basi nisimpe mtoto matumaini ya bure. Naombeni mawazo yenu.

Kijana wa Sakina

Dada shule kwanza. Mbio ni bahati, goti likienda na ndoto inaenda.

Pumzi_ya_Meru

Dada yangu pole na hongera kwa kulea. Mimi nimekimbia miaka tisa hapa hapa Arusha, sikufika mbali ila nimeona vya kutosha kukujibu hilo swali la pili, ukilielewa hilo la kwanza litajijibu.

Watu wengi watakwambia siri ni mlima. Ni kweli ukiishi juu damu inazoea hewa nyepesi, Iten, ule mji wa wakimbiaji kule Kenya, iko kama mita 2,400, sisi Arusha mjini ni 1,400 hivi, ila huyo mtoto amekulia Mbulu ambako ni juu kuliko hapa na ukitaka juu zaidi unapanda tu ubavu wa Meru. Alafu Bolivia kuna watu wanaishi juu kuliko Iten, milimani Nepal pia, umewahi kusikia Mnepali ameshinda mita 10,000? Mlima peke yake haukimbii.

Nikwambie nilipojifunza. Mwaka mmoja tulivuka Namanga na wenzangu wawili tukaenda Eldoret kukimbia mbio za nyika za kawaida tu, wala sio za taifa. Mimi hapa Arusha nilikuwa naogopwa, nikiingia kwenye mbio watu wanaangaliana. Basi tukaachiwa, kilomita ya kwanza nimeikimbia kwa spidi ambayo huku ningekuwa peke yangu mbele, nainua macho naona migongo tu, nikaanza kuhesabu, nilipofika arobaini nikaacha. Na wale wa mbele walikuwa wanapiga stori! Jioni nikamuuliza dogo mmoja aliyenipita anafanya mazoezi gani, nikidhani kuna dawa au chakula fulani, akanijibu "mimi nakimbia na hao" akanionyesha wenzake wamekaa kwenye nyasi, kama thelathini hivi. Hilo ndo jibu langu kwako. Dogo wa Iten anaamka saa kumi na moja alfajiri anatoka barabarani anakuta kundi, ndani ya kundi kuna mtu ameshinda mbio Ulaya na kuna dogo raba ameazima, wote wanakwenda pamoja, siku ya kwanza unaachwa kilomita ya tatu, mwezi ujao ya tano, mwakani unamaliza nao. Hakuna aliyekaa akakufundisha, mwili umejifunza kwa kukataa kuachwa.

Bekoji kule Ethiopia ni mji mdogo, wametoka Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba, na wote wamepita kwa mwalimu mmoja wa michezo wa shule ya msingi, Sentayehu Eshetu. Iten nako alikuja bruda wa Kiireland mwaka 1976, Colm O'Connell, alikuja kufundisha darasani pale St Patrick's wala ukocha hakuwa nao, akajifunzia pale pale na watoto, miaka mingi baadae akamtoa David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 pale London 2012. Yaani mwalimu mmoja asiyehama, na kundi la watoto linalomzunguka.

Na sisi tulikuwa nalo jamani, inaniuma nikisema. Filbert Bayi ni wa Karatu hapo, 1974 kwenye Jumuiya ya Madola kule Christchurch aliongoza mita 1500 kuanzia mlio wa bastola mpaka utepe, dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na John Walker aliyekuwa nyuma yake naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Jamaica akavunja na ya maili. 1976 akakosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu Afrika tuligoma kwa ajili ya New Zealand kwenda kucheza raga na makaburu, Walker akachukua dhahabu bila ya Bayi kuwepo. Moscow 1980 Bayi fedha kwenye kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha mita 5000. Gidamis Shahanga dhahabu ya marathoni Jumuiya ya Madola 1978, miaka minne baadae dhahabu tena ya mita 10,000 Brisbane, na kwenye marathoni ya hapo hapo Brisbane Juma Ikangaa akachukua fedha. Hebu angalia hiyo miaka, hao watu ni wa kizazi kimoja! Haiwezekani ikawa bahati, hilo lilikuwa kundi. Toka Moscow mpaka Paris 2024 medali zetu za Olimpiki zimebaki zile zile mbili.

Wakati wangu mimi mbio za uwanjani nilikuwa napata mbili kwa mwaka, zikizidi tatu. Sasa kijana wa miaka 17 ale nini, anakimbilia mbio za barabarani za kilomita 21 kwa sababu kuna bahasha, miguu inachoka kabla hata haijajua spidi. Kwahiyo huyo mtoto usimtafutie meneja wala raba za laki tatu, mtafutie watu wanaomzidi.

Nyundo

Tuache kuzunguka ni damu. Wakalenjin wa Kenya wana miguu myembamba wameumbwa hivyo, sisi tucheze mpira tu.

Mwl. wa Michezo Moshi

Nyundo nakukatalia kwa heshima. Ni kweli medali nyingi za Kenya zinatoka kwa Wakalenjin, lakini Wabarbaig wetu wa Hanang lugha yao ni ndugu na ya Wakalenjin, wembamba wanao, urefu wanao, na wako kwenye nyanda za juu. Mbona hawajajaa kwenye fainali za dunia? Wamekosa damu au wamekosa mashindano? Na Waethiopia sio Wakalenjin. Alafu Afrika sasa hivi haishindi mbio ndefu tu, Letsile Tebogo wa Botswana amechukua mita 200 Paris kwa sekunde 19.46, na Tokyo 2025 vijana wa Botswana wamewapiga Wamarekani kwenye kupokezana vijiti 4x400, nchi ya watu kama milioni mbili na nusu. Kila mara tukisema damu tunawaambia watoto wetu wasijaribu, mimi kama mwalimu hiyo kauli naichukia sana.

Sasa dada, nije kwako. Kwanza upimwe uwanja. Uwanja wa shule uliopimwa kwa hatua za mwalimu unaweza kukosa mita kumi na tano kila mzunguko bila mtu kujua, na dakika 5 na sekunde 6 inabadilika kabisa. Mpeleke siku moja Sheikh Amri Abeid akimbie pale. Kama ni dakika 5 na nusu kwa peku na sketi, miaka 15, hajawahi kufundishwa, bado huyo ni mtoto wa kushikwa mkono. Pili asiguse kilomita 21 sasa hivi, nakuomba. Kilimanjaro Marathon ikifika huku Moshi naona watoto wamejiandikisha kwa umri wa uongo, nawaonea huruma. Yeye akimbie 800, 1500, 3000 na mbio za nyika. Tatu ni chakula, mtoto wa kike anayekimbia akiwa kwenye siku zake anapoteza damu na madini ya chuma, akianza kuchoka bila sababu usimwambie mvivu, mpeleke akapimwe wingi wa damu. Dagaa, maharage, mchicha, na baada ya mazoezi asikae na njaa mpaka saa nane.

Na Kijana wa Sakina hujakosea kuhusu shule ila hivyo vitu haviuani. Nyambui na Shahanga wote walikimbia huku wanasoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, mbio ndo zilizowalipia. Binti akiwa na kingereza kizuri na cheti cha form four mlango upo.

Dada_wa_Njiro

Naandika kwa mara ya kwanza humu, nimeguswa. Mimi nilikimbia mpaka nikiwa na miaka 22. Mama mdogo, hofu ya shemeji yako usiidharau, mjibu kwa vitendo. Kambi niliyokaa mimi wasichana tulikuwa sita, meneja alishika pasipoti zetu zote, pesa ya mbio zangu mbili sikuiona mpaka leo, na kumuuliza ilikuwa kama kumtukana. Kwahiyo kabla hujampeleka popote uliza nani analala kambini, kama kuna kocha mwanamke au mama mtu mzima, hela inaingia akaunti ya nani. Akipewa kidonge chochote hata kiitwe vitamini aje nacho nyumbani kwanza. Wenzetu Kenya wameumia sana na hilo, Ruth Chepngetich mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, mwaka 2025 amefungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyokatazwa.

Na kuna hili la wanaume wanaojipachika kwenye maisha ya binti akianza kupata hela. Agnes Tirop wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee Septemba 2021, Oktoba akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Nilikuwa namwangalia yule dada kama mfano wangu, siku ile sikula. Sisemi umfungie mtoto ndani. Nasema atembee na watu, na wewe uwe unakwenda kuangalia mazoezi hata mara moja kwa wiki, wakufahamu kwa sura.

Ukimaliza hilo mwambie pia kuhusu Magdalena Shauri, tunaongelea wanaume tu humu. Berlin 2023 amekuwa wa tatu, saa 2 dakika 18 na sekunde 41, Mtanzania huyo.

MamaMdogo_Ngaramtoni

Nimesoma yote, ya Dada wa Njiro nimeyasoma mara mbili, asante sana mdogo wangu kwa kuandika. Narudi na majibu.

Uwanja tumeupima na mwalimu kwa futi ya fundi, kweli ulikuwa mfupi, mita 388. Kwahiyo ile ya mwanzo sio dakika 5 na sekunde 6, mwalimu amepiga hesabu ni kama 5 na 16 hivi. Nilidhani mtoto atasikitika, amesema tu "basi nirudie".

Shemeji nilimpigia simu nikamsomea ya Nyambui na ya kuuliza nani analala kambini. Kambini amekataa kabisa, ila amekubali akimbie akiwa anakaa kwangu na mimi niwepo. Kwangu hiyo inatosha kwa sasa.

Jumamosi tukaenda kwa kundi moja nililoelekezwa, wanakutana barabara ya vumbi juu huku, wako kama kumi na wanne, wasichana wanne, na kocha wao ni mama wa makamo. Mimi nikapanda bodaboda nyuma yao. Kilomita ya kwanza akawa katikati, ya pili akawa wa mwisho, kwenye kile kilima kabla ya mashamba ya kahawa wakamwacha. Nilitaka bodaboda asimame nimpakie, yule mama akanipa ishara ya mkono nimwache. Alimaliza peke yake, dakika kama nne nyuma, uso umejaa vumbi na machozi, hakutaka nimguse. Tumerudi nyumbani kimya. Usiku nikamkuta jikoni anasugua raba kwa mswaki wa zamani, akaniuliza kama Jumanne naweza kumwamsha saa kumi na nusu badala ya kumi na moja ili ajinyooshe viungo kwanza.

Sasa hizo raba ndo tatizo, kidole gumba cha kulia kimetoboa. Anavaa namba 38. Nani anajua wapi naweza kupata za kukimbilia zisizo na bei ya kuumiza?

Mwl. wa Michezo Moshi

Wa kwangu nawanunulia mitumba hapa soko la Memorial, unafika asubuhi wakati wanafungua mabelo. Bonyeza soli kwa kidole gumba, kama hairudi iache hata ikiwa mpya machoni, na achukue 39, mguu unavimba ukikimbia. Jumatano nakwenda, nikipata namba yake nitampa dereva wa Hiace ya Arusha, nitumie ujumbe wa faragha tupange utapokelea wapi.